Goldings kwenye bia yako: dalili, chanzo na tiba

Ukipika bia ya Kiingereza na ikatoka vibaya, kitu cha kwanza kunyooshewa kidole huwa ni hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Mara nyingi hopi hazina kosa. Ila Goldings, hopi ya jadi ya Kiingereza, ina tabia inayowaponza wengi: ni pole, na kwa sababu hiyo kila kasoro ya maji, ya hamira au ya uhifadhi inajitokeza waziwazi. Hopi za Kimarekani zenye harufu ya embe na balungi zinaweza kumsitiri mpika bia mzembe. Goldings haimsitiri mtu.

Kwa asiyeifahamu vizuri, Goldings ni hopi ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, na imelimwa huko tangu mwishoni mwa karne ya 18. Si mmea wa aina moja tu, bali ni ukoo. Ndani yake wamo Early Bird, Eastwell, Cobbs, Mathon na wengine, wanaokaribiana sana kwa harufu na kupishana muda wa kukomaa. Asidi zake za alfa, ambazo ndizo chanzo cha uchungu, huwa asilimia 4 hadi 6 hivi. Mafuta ya harufu kwa kawaida hayazidi mililita 1 kwa kila gramu 100. Citra ya Marekani ina alfa maradufu, na mafuta yake yanaizidi Goldings mara mbili au zaidi. Weka tofauti hiyo akilini unaposoma yanayofuata, maana malalamiko kadhaa yanatokana na mtu kuidai Goldings kitu ambacho haijawahi kuwa nacho.

Yenyewe inatoa nini, basi? Harufu ya maua, asali kidogo, ganda la limau kwa mbali, na viungo vyenye udongo udongo. Katika bia ya eli, ile inayochachushwa na hamira ya joto la wastani, harufu hiyo hukaa pamoja na ladha ya biskuti ya kimea cha Kiingereza bila kushindana nayo.

Anza na paketi, si na sufuria

Kabla hujabadilisha mapishi, fungua paketi iliyobaki. Kama ni maua mazima, chukua matatu au manne, yasugue kwa nguvu kati ya viganja mpaka yapate joto, kisha nusa. Pasua ua moja katikati pia. Chini ya vile vijani kuna unga wa lupulini, na humo ndimo uchungu na mafuta vinamokaa. Unga wa njano iliyokolea, unaonata vidoleni, ni dalili njema. Ukiwa wa rangi ya chungwa au hudhurungi, mkavu, usionata, hopi hizo zimezeeka. Vijani navyo viwe vya kijani iliyopauka au kijani cha manjano. Doa la hudhurungi hapa na pale ni la upepo shambani na halina neno, lakini ua zima likiwa limegeuka rangi, hewa imeshaingia.

Vidonge vya hopi ni vigumu zaidi kuvisoma kwa macho. Vunja kimoja, kiloweke kwenye kikombe cha maji ya moto kiasi cha nyuzi 70, funika kwa dakika kumi, nusa. Ukikuta maua na majani makavu yenye utamu, endelea kwenye sufuria. Ukikuta jibini, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya jibini hapa chini.

Tazama pia mwaka wa mavuno, si tarehe ya kufungashwa peke yake. Kent huvuna Septemba. Kwa hiyo paketi unayoinunua Agosti ina karibu mwaka mzima hata kama duka limeipata wiki iliyopita. Na hopi inayosafiri kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, ikasubiri bandarini na bohari kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa pwani, haifiki ikiwa ileile iliyopimwa maabara. Kwetu karibu na ikweta hatuna budi kuagiza, kwa sababu mhopi hutaka siku ndefu za kiangazi ili urefuke vya kutosha kabla haujatoa maua. Basi muulize muuzaji: imekaa wapi? Akijibu "rafuni", nunua nusu ya ulichokusudia, au usinunue.

Bia haina uchungu, imebaki tamu

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na lina vyanzo vinne ambavyo aghalabu huja kwa pamoja.

Cha kwanza ni alfa iliyopungua. Chukua mfano wa bia ya lita 20. Mapishi yanasema gramu 40 za Goldings yenye alfa asilimia 5.5, zichemke dakika 60. Tukichukulia kwamba robo ya alfa ndiyo itakayoingia kwenye bia, uchungu ni 27.5 kwa kipimo cha IBU, kiasi kinachofaa bia ya bita ya kawaida, ile eli chungu ya Kiingereza, ambayo hutaka 25 hadi 35. Sasa tuseme hopi zako zilikaa miezi sita kwenye kabati la jikoni na alfa imeshuka hadi asilimia 4. Gramu zilezile 40 zinakupa 20. Hujakosea kitu kwenye upishi, na bia imetoka tamu.

Cha pili ni mwinuko, na wapikaji wa bara wasikipuuze. Asidi ya alfa haiyeyuki vizuri kwenye bia mpaka joto liibadilishe umbo, na mabadiliko hayo hupungua kasi sana kadiri joto linavyoshuka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Nyuzi sita zinaonekana si kitu, ila kasi ya mabadiliko inapungua kwa zaidi ya theluthi. Mapishi yote ya Kiingereza unayoyasoma yameandikwa na watu wanaochemsha karibu na nyuzi 100. Anayepika Nairobi, Eldoret au Mbeya achemshe dakika 90 badala ya 60, au aongeze hopi za mwanzo kwa robo, kisha aonje na kurekebisha mpiko unaofuata. Wa Tanga na Mombasa hawana shida hii.

Cha tatu: maji ya kimea mazito. Ukipika bia kali yenye uzito wa mwanzo wa 1.070, yaani maji ya kimea yenye sukari nyingi (maji matupu ni 1.000), hopi hutoa uchungu kidogo kuliko kwenye bia ya 1.040. Programu za hesabu hulizingatia jambo hili, lakini anayekadiria kwa macho hulisahau.

Cha nne: moto dhaifu. Maji yanayotokota polepole kwenye jiko la umeme lisilo na nguvu hayawezi kuzizungusha hopi, na kama umezifunga kwenye mfuko wa wavu uliobana, hali ni mbaya zaidi. Mfuko uwe mkubwa kiasi cha hopi kuogelea ndani yake. Maua mazima nayo hutoa uchungu pungufu kidogo kuliko vidonge, kama asilimia 10 hivi, kwa hiyo ukibadilisha aina moja kwa nyingine badilisha na gramu.

Na nina ushauri mwingine ambao wenye mapenzi na jadi watanigombeza kwa kuutoa: usitumie Goldings kwa uchungu wa mwanzo kama mfuko wako wa pesa ni mwembamba. Ni ghali, alfa yake ni ndogo, na baada ya saa nzima ya kuchemka harufu yake karibu yote imeondoka na mvuke. Tia Target au Challenger mwanzoni, ambazo nazo ni za Kiingereza na zina alfa ya juu, kisha iache Goldings ije mwishoni, pale itakapoonekana.

Uchungu upo, lakini unakwaruza koo

Goldings safi hutoa uchungu laini, unaopita. Ukibaki ulimini dakika nzima kama umetafuna ganda la mti, anza kuchunguza maji.

Pima pH ya maji ya kimea yanapoanza kuchemka. Ikiwa 5.5 au zaidi, uchungu huwa mkavu na mkali. Hili hutokea sana kwa maji ya visima yenye bikaboneti nyingi. Kinachotakiwa ni 5.2 hadi 5.4, na asidi ya laktiki kidogo hutosha kukufikisha hapo. Chanzo cha karibu na hicho ni kusuuza nafaka kupita kiasi: maji ya kusuuzia yakizidi nyuzi 77, au yanayotiririka yakifika pH 6, maganda ya shayiri huanza kutoa tanini. Tanini si uchungu hasa. Ni ule ukakasi wa ndizi mbichi, na ulimi ukishaujua hauchanganyi tena.

Kisha kuna salfeti. Burton-on-Trent, mji uliojenga jina la bia nyepesi za Kiingereza, una maji yenye salfeti ya mamia ya miligramu kwa lita, na wapikaji wengi hujaribu kuyaiga kwa kutia jasi. Gramu 1 ya jasi kwenye lita 10 inaongeza kama miligramu 56 za salfeti kwa lita. Kwa Goldings mimi siendi mbali: 150 hadi 200 zinatosha kuuchongoa uchungu bila kuukausha. Aliyetia vijiko bila mizani asishangae. Mpiko unaofuata punguza jasi, ongeza kloridi ya kalsiamu kidogo, na utasikia kimea kikirudi.

Usisahau klorini. Maji ya bomba yenye klorini yakikutana na kimea na hamira hutoa harufu ya dawa ya hospitali au plastiki, na anayeonja kwa mara ya kwanza huiita "uchungu mbaya". Kidonge kimoja cha metabisalfaiti kinatibu lita 75 hivi za maji, kwa hiyo kwa mpiko wa nyumbani robo au nusu kidonge ni nyingi tayari.

Hopi kuukuu zinaingia hapa pia, kwa njia isiyotarajiwa. Alfa inapopotea, asidi za beta nazo hushika oksijeni na kuwa vitu vyenye uchungu wa namna yake, usiopendeza. Ndiyo maana paketi ya zamani inaweza kukupa bia yenye uchungu mdogo na bado ukawa mbaya. Ukiona mambo hayo mawili yameambatana, usihangaike na chumvi. Badilisha hopi.

Inanuka jibini, au soksi

Hii ni asidi ya isovaleriki, na huzaliwa asidi za alfa zinapoharibiwa na hewa. Swali la kujiuliza ni moja: ilianza lini? Ikiwepo tangu siku ya kupika, au mara tu baada ya kutia hopi kavu, yaani hopi zinazotiwa kwenye bia iliyokwisha poa bila kuchemshwa, ilitoka kwenye paketi. Bia ikikaa miezi mitatu safi, kisha ikaanza kunuka, yaelekea kuna hamira pori ya Brettanomyces ndani ya chombo, na hapo unahitaji kusafisha mabomba, bomba la kumiminia na kila mpira wa kuzibia.

Tiba ya paketi yenye jibini ni jalala. Najua kwamba Wabelgiji wanaopika lambiki, bia yao chachu, hutumia hopi za miaka kadhaa kwa makusudi, lakini wao huchemsha saa nyingi, bia yao hukaa miaka kwenye mapipa, na hawatafuti harufu ya hopi hata kidogo. Bita yako inanywewa baada ya wiki tatu.

Kuzuia ni rahisi. Gawa paketi siku uliyoifungua, kila sehemu kwenye mfuko wa foili uliotolewa hewa, weka kwenye friza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Paketi iliyofungwa kwa klipu ya nguo na kurudishwa kwenye mlango wa friji haijahifadhiwa.

Hakuna harufu ya hopi kabisa

Kwanza hakikisha kwamba unatafuta harufu sahihi. Mtu aliyezoea bia za kisasa zenye gramu 10 za hopi kwa lita akinywa bita nzuri ya Kent anaweza kuapa kwamba haina hopi. Iache ipate joto kidogo, nyuzi 11 hadi 13, ambalo ndilo joto la sela za baa za Uingereza, kisha nusa tena. Bia ya nyuzi 3 kutoka kwenye friji hainuki kitu, na kwenye eli ya Kiingereza baridi hiyo peke yake inatosha kuzima Goldings yote. Kwetu watu huagiza bia "baridi sana" na sina ugomvi nao, ila kwa bia hii itoe nje dakika ishirini kabla ya kufungua.

Ikiwa bado ni kimya, angalia saa. Hopi za harufu zilizotiwa dakika 20 kabla ya kuzima moto zimetoa uchungu kidogo na ladha kiasi, harufu imekwenda. Sogeza nyongeza hiyo hadi dakika 5 za mwisho. Halafu, moto ukishazimwa, subiri maji ya kimea yashuke hadi nyuzi 80 hivi, tia gramu 2 kwa kila lita, funika, koroga mara moja moja kwa dakika 20, ndipo upoze. Kwenye nyuzi 80 uchungu unaoongezeka ni mdogo na mafuta hayakimbii na mvuke. Kwa Goldings njia hii inanipendeza kuliko zote, maana inaleta asali na maua bila ule ukijani wa hopi kavu.

Uchachukaji wenyewe nao hupeperusha harufu. Gesi ya kaboni inayotoka kwa nguvu siku tatu za kwanza hubeba mafuta mepesi. Ukitia hopi kavu, ngoja mpaka mapovu yamepungua.

Waingereza wamekuwa wakitia hopi ndani ya pipa lenyewe la kuuzia. Kwa kazi hiyo vilitengenezwa hata vibonge vya maua yaliyoshindiliwa, nusu aunsi kila kimoja, sawa na gramu 14, vinavyopita kwenye tundu la pipa. Pipa dogo la jadi, firkin, lina galoni 9 za Kiingereza, karibu lita 41, na kibonge kimoja au viwili vilitosha. Angalia udogo wa kiasi hicho: chini ya gramu 1 kwa lita. Kwa chombo cha nyumbani gramu 1 hadi 2 kwa lita ni harufu ya kutosha.

Ladha ya majani mabichi

Imekaa mno. Mafuta ya hopi huingia kwenye bia ndani ya siku moja hadi tatu, na baada ya hapo kinachoendelea kutoka ni cha majani yenyewe. Joto likiwa nyuzi 20 na hopi zikakaa wiki mbili, utaonja nyasi iliyokatwa. Siku tatu kwa nyuzi 15 hadi 18, halafu zitoe au hamisha bia. Ukijani mdogo hupungua bia ikitulia kwenye baridi. Ukiwa mwingi, kaa na bia yako na uinywe hivyohivyo.

Siagi mdomoni, na chupa zinazotema povu

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa hasa, kwa sababu bia ilikuwa nzuri kabla ya hopi kavu. Hidromita, kile kipima uzito wa bia, ilisoma 1.012 siku mbili mfululizo, ukatia Goldings, ukajaza chupa, na wiki tatu baadaye unafungua moja na nusu yake inaishia kwenye meza. Iliyobaki ina harufu ya siagi au ya bisi za sinema. Mtu husema: nimeingiza vijidudu. Pengine hukuingiza.

Hopi zina vimeng'enya. Jambo hili lilichapishwa mwaka 1893 na wanakemia wawili wa Kiingereza, Horace Brown na G. Harris Morris, waliochunguza kwa nini bia iliyotiwa hopi kavu huanza kuchachuka upya. Walikuta kwamba hopi hubeba kimeng'enya kinachovunja mabaki ya wanga ambayo hamira haiwezi kuyala, na kuyageuza sukari ambayo inaweza kuyala. Kwa wenye mapipa ya zamani hilo lilikuwa na faida, maana lilitia bia uhai ndani ya pipa. Baadaye jambo hilo likasahauliwa, hadi bia za kisasa zenye hopi nyingi zilipolirudisha kwa vishindo.

Hesabu yake inatisha kidogo. Kila pointi moja ya uzito (0.001) inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa huongeza karibu nusu ujazo wa gesi, ujazo mmoja ukiwa ni gesi ya kiasi sawa na bia yenyewe. Kutoka 1.012 hadi 1.009 ni ujazo mmoja na nusu, juu ya sukari uliyoitia mwenyewe kwa ajili ya gesi. Bita hutaka ujazo mmoja na nusu hadi miwili kwa jumla. Chupa imebeba maradufu.

Siagi ni diasetili. Hamira ikiamka kula sukari mpya hutoa malighafi yake, na hamira nyingi za Kiingereza zina pupa ya kuzama chini mapema, kabla hazijaisafisha. Goldings ya gramu 1 kwa lita haileti mambo haya kwa ukali wa hopi za gramu 10, lakini kwenye chombo chenye joto na siku nyingi huleta ya kutosha.

Kabla ya kujaza chupa, fanya kipimo hiki. Chota bia kwenye glasi mbili ndogo na uzifunike. Moja iache mezani. Nyingine isimamishe kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 65 kwa dakika 20, kisha ipoze mpaka joto lilingane na mwenzake. Nusa zote mbili, ukianza na ile ya mezani. Iliyopashwa ikinuka siagi na ya mezani isinuke, malighafi bado imo na itakuumbua chupani. Acha bia kwenye nyuzi 18 hadi 20 siku mbili tatu zaidi, tikisa chombo taratibu ili hamira ipande, rudia. Zote mbili zikiwa safi, na hidromita ikiwa haijasogea kwa siku tatu baada ya kutia hopi, si kabla, jaza chupa.

Na kama chupa zimeshajaa? Zipeleke kwenye baridi mara moja, zikiwa zimefunikwa taulo nzito, vaa miwani ya kukinga macho, na ukishazipoza sana legeza vizibo kimoja kimoja ili gesi ipungue, kisha funga upya. Chupa za bia zinazopasuka si mzaha, na za kioo chembamba kilichotumika mara nyingi ni hatari zaidi.

Imefifia, ina ladha ya karatasi

Oksijeni. Harufu ya Goldings ni chache tangu mwanzo, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka hewa ikiingia wakati wa kuhamisha bia. Tumia mrija unaofika chini ya chupa, usiruhusu bia kuanguka kwa kelele, na maua mazima yaliyojaa hewa ndani yatie wakati hamira bado ina kazi kidogo ya kufanya ili imeze hewa hiyo.

Harufu ya kicheche

Mwanga. Miale ya jua huvunja vitu vya uchungu vya hopi na pamoja na salfa hutoa harufu kali ambayo pua huigundua kwa kiasi kidogo mno. Jua la saa sita mchana huko kwetu halihitaji hata nusu saa kufanya hivyo kwenye chupa nyeupe au ya kijani. Tumia chupa za kahawia, na usimimine bia kwenye glasi halafu ukaiacha juani wakati unageuza nyama choma. Haihusiani na aina ya hopi. Goldings haina hatia.

Ukungu, povu, na bomba lililoziba

Ukungu unaoonekana bia ikiwa baridi na kutoweka ikipata joto ni wa protini na polifenoli, na bia yenye hopi nyingi za mwisho huwa nao. Chembe za mwani wa kung'arishia bia, zile zinazotiwa dakika 15 kabla ya kuzima moto, hupunguza. Povu likikosekana, mara nyingi ni glasi yenye mabaki ya sabuni au mafuta, maana uchungu wa hopi wenyewe hulisaidia povu kusimama.

Maua mazima hunywa maji ya kimea. Gramu 100 zinaweza kuondoka na zaidi ya nusu lita, na yasipokuwa kwenye mfuko yataziba bomba la sufuria pale hasa unapotaka kupoza haraka. Weka chujio la waya mbele ya tundu kabla ya kumimina maji, si baada ya kuziba.

"Hii si Goldings niliyoizoea"

Huenda kweli si yenyewe. Jina la Goldings limesafiri. Styrian Goldings ya Slovenia, licha ya jina, kwa asili ni Fuggle, hopi nyingine ya zamani ya Kiingereza, iliyopelekwa huko na kupewa jina lisilo lake. Ina harufu ya udongo na mbao zaidi, na ya maua kidogo. Kuna Golding inayolimwa Marekani pia, na udongo na hali ya hewa vimeipa sura yake. Zote zinafaa bia ya eli, ila ukizibadilisha bila kujua utatafuta kosa kwenye hamira yako miezi miwili. Soma lebo mpaka mwisho: East Kent Goldings ni jina linalolindwa kisheria, na ikiandikwa "Goldings" peke yake uliza ilikolimwa.

Ukiikosa kabisa ya Kent, mbadala ninaoupenda ni First Gold, hopi fupi iliyozalishwa chuoni Wye, hukohuko Kent, kutokana na hopi iitwayo Whitbread Golding. Ina maua yaleyale na ganda la chungwa kidogo juu yake. Alfa yake ni ya juu zaidi, kwa hiyo soma namba kwenye paketi, punguza gramu za mwanzo kwa uwiano huo, na za mwisho ziache kama zilivyo.